Waya ya Fundi Sadoki

Zilipa, rudisha hiyo. Hiyo ni ya kufungia nondo.
Ina kazi yake: imeshikilia ghorofa pale Mwanga,
haina adabu ya kushika waridi.
Tazama, umelivunja shingo,
na ua limetoka Manyovu alfajiri,
kwenye ndoo, juu ya mapaja ya mtu,
kona zote zile,
likafika zima mpaka mkononi mwako.

Kaa. Sogeza kopo.
Sheria ni moja, na hakuna palipoandikwa:
tafuta waya nyembamba kuliko zote
ambayo bado inaweza.
Shika ncha, laza ua hewani, hivi.
Likiinama kama mtu anayesinzia kanisani, ongeza unene.
Likikakamaa kama askari wa gwaride, umezidisha,
maana ua lililo hai hutikisika kidogo
mtu akipita na upepo wa kanga yake.

Asumini hili la Ujiji, uzi tu wa shaba.
Waridi, ya kati.
Alizeti lina kichwa kizito, lipe waya ya uzio,
na bado litanung'unika.

Na namba zisikudanganye.
Hizi za dukani, zinazokuja na treni,
huhesabiwa kinyumenyume:
kumi na nane ni nene,
ishirini na sita inapita tundu la sindano.
Namba inakua, waya inapungua.
Nilipoambiwa mara ya kwanza nilicheka,
kisha nikamkumbuka bibi yangu kule Heru Juu,
kila mwaka akiongeza mmoja
na bangili ikizidi kumpwaya.

Hizi nyekundu hazina namba.
Ni za Fundi Sadoki wa Gungu, msuka mota,
aliyekuwa akizichomoa
kwenye matumbo ya pampu zilizoungua.
Hakuwa na kipimo. Alibana waya kati ya kucha mbili,
akafumba jicho moja, akasema, "Hii ya asumini."
Hakukosea.
Mtu mwenye vidole vyeusi kwa vanishi,
asiye na hata ua moja uani kwake,
hakukosea.
Bei yake: chapati mbili na habari za mtaa.

Mwaka jana, mwezi wa pili,
mjane wake akaja kuagiza shada.
Nilibaki na koili moja, ya mwisho.
Nikasimama hapo ulipokaa, nikapiga hesabu:
Jumamosi kuna harusi, kuna mataji manne,
na maiti hajui shaba wala chuma.
Nikafunga robo ya shada kwa waya ya dukani.
Vidole vikagoma.
Nikafumua.

Siku ya arobaini akarudi,
ameshika penseli iliyovikwa waya yote ile,
imenyooshwa kwa kucha, imezungushwa, safi.
"Maua yameoza," akasema. "Hii bado. Fanyia kazi."
Hakukaa hata kunywa maji.

Sasa, shaba ikikunjwa na kukunjuliwa hukasirika,
huwa ngumu, ukiilazimisha inakukatikia.
Hilo nalo alinifundisha marehemu:
ilaze kwenye makaa mpaka iive nyekundu,
itoe, iache ipoe, isahau.
Italegea kama mpya.

Basi washa jiko.
Bi harusi wa Bangwe anataka taji la asumini kesho kutwa
na dukani ishirini na sita imekwisha.
Hapana, hiyo ya kwenye penseli iache.
Au ilete.
Sijui. Ilete kwanza tuione.

Usinitazame mimi, Zilipa.
Ibane kwa kucha, fumba jicho moja,
uniambie:
hii ya ua gani?